Mwanao Hujifunza Nini Tangu Jumatatu Hadi Ijumaa?

MZAZI, bila shaka umewahi kumuuliza mwanao jioni, "Leo mmesoma nini?" naye akakujibu, "Hakuna." Ukizidi kumdadisi atakwambia, "Tumecheza." Nawe unabaki kushangaa ikiwa karo, nauli na vitabu vinakwenda bure.

Mtoto wa miaka minane hakudanganyi. Hajui tu namna ya kukusimulia siku nzima kwa swali moja. Njoo basi tuingie pamoja katika darasa la Gredi ya Tatu la shule ya msingi mjini, tuketi kwenye dawati la nyuma na kutazama yanayotendeka huko kwa wiki moja.

Lakini kumbuka kwamba hili si darasa ulilosomea wewe. Ikiwa ulipitia mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985, ulizoea kuambiwa mtoto amekuwa wa ngapi. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini mwaka wa 2019, hukueleza iwapo mtoto amezidisha matarajio, ameyafikia, anayakaribia, au yuko mbali nayo. Wazazi wengi husoma maneno hayo, wakatia sahihi, na kuirudisha ripoti bila kuuliza lolote. Hapo ndipo shida huanzia.

Jumatatu: Kusimulia

Baada ya gwaride na wimbo wa taifa, watoto huingia darasani. Kila kipindi katika madarasa haya ya chini ni cha dakika 30 tu, kwa sababu mtoto mdogo hawezi kutulia zaidi ya hapo.

Mwalimu anamwita mmoja mbele asimulie alivyoshinda Jumamosi. Usidhani huo ni upuzi wa kupitisha wakati. Mtoto anafunzwa kuyapanga mambo: kwanza, kisha, halafu, mwishowe. Wenzake wanafunzwa kusikiliza na kuuliza maswali. Asiyeweza kusimulia kwa mdomo leo atataabika kesho atakapotakiwa kuandika insha.

Mtoto akichanganya Sheng, mwalimu hodari hamchekelei. Huirudia sentensi ile ile kwa Kiswahili sanifu, na somo likaendelea. Nawe unaweza kufanya hivyo nyumbani.

Jumanne: Kusoma

Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina sauti moja siku zote. Mtoto aliyezishika silabi zake, ba be bi bo bu, anaweza kusoma neno lolote hata kama hajawahi kuliona. Kiingereza hakina huruma hiyo. Tazama maneno 'cut' na 'put': herufi ni ile ile katikati, sauti ni mbili. Kwa hiyo usishangae mwanao akisoma vizuri Kiswahili huku akijikwaa katika Kiingereza. Si uzembe.

Lakini liko jambo la kukutia wasiwasi. Darasa likiwa na watoto wengi, wote husoma kwa sauti moja. Aliyeshika na asiyeshika, midomo yao huchezacheza sawasawa. Mwenye kumbukumbu nzuri hukariri ukurasa mzima kwa kutazama picha, na mzazi akimsikiliza nyumbani hufurahi kwamba mtoto anasoma. Mwaka unakwisha, anapanda gredi, na siri yake inapanda pamoja naye. Huko juu sayansi, kilimo na hata hisabati zote husomwa vitabuni, naye huonekana mjinga wa kila somo ilhali shida yake ni moja.

Unaweza kumpima kwa dakika tano. Funika picha kwa mkono. Mwonyeshe neno moja katikati ya sentensi, kisha la mwisho, kisha la kwanza. Ikiwa sentensi nzima aliisoma bila kusita lakini neno mojamoja linamshinda, alikuwa akikariri. Usimkaripie. Mwone mwalimu wiki hiyo hiyo.

Jumatano: Hesabu

Ubaoni pana hesabu hii: 42 toa 17. Juu ya madawati pana vizibo vya soda na vijiti vilivyofungwa kumi kumi. Mtoto mmoja ameandika 35. Mzazi mwenye hasira ataona kosa tu. Mwalimu huona namna mtoto alivyofikiri: alipoona hawezi kutoa 7 katika 2, akageuza, akatoa 2 katika 7 akapata 5, kisha akatoa 1 katika 4 akapata 3.

Dawa yake ni vile vijiti. Mafungu manne ya kumi na vijiti viwili. Fungua fungu moja, sasa una vijiti 12 na mafungu matatu. Toa saba, zinabaki tano. Toa fungu moja, yanabaki mawili. Jibu ni 25, na mtoto ameliona kwa macho yake.

Kiboko hakingemwonyesha hilo. Kuwachapa watoto shuleni kulipigwa marufuku mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia. Hata hivyo, wako wazazi ambao bado hupiga nyumbani kwa sababu ya alama ya mkasi. Uliza kwanza, "Hebu nionyeshe ulivyofanya."

Alhamisi: Mazingira

Leo watoto wanapanda kunde katika makopo. Kopo moja linawekwa dirishani, jingine kabatini gizani. Moja linanyweshewa maji, jingine linaachwa likauke. Kila siku watachora wanachokiona.

Somo hili ndilo linalozusha manung'uniko majumbani. Saa tatu usiku mtoto anakumbuka kwamba kesho anatakiwa kubeba kopo, nawe unaanza kuhangaika. Wengine hata humfanyia kazi yote, ikapendeza kuliko ya darasa zima. Lakini kunde iliyopandwa na mama haimfunzi mtoto kitu. Ikipinda, na iwe imepinda. Na kopo si la kununua. La mafuta ya kupikia lililokwisha litatosha. Ikiwa mahitaji ya shule yanakulemea, mweleze mwalimu badala ya kumnyima mtoto bila maelezo akabaki kuona haya mbele ya wenzake.

Ijumaa: Kupima

Siku ya mwisho mwalimu huwaita mmoja mmoja, akasikiliza usomaji na kupitia madaftari. Anajua nani ameachwa nyuma, lakini peke yake hawezi kumfikia kila mtoto kila siku. Mkono wa pili ni wako. Waswahili walisema, mkono mmoja haulei mwana.

Basi fungua begi la mwanao Ijumaa hii. Tazama daftari za wiki nzima, si ukurasa wa mwisho pekee. Palipo na kosa linalojirudia, hapo ndipo pa kukaa naye. Kila jioni mpe dakika 10 akusomee, hata ukiwa unapika. Wewe uliyechelewa kwenye foleni ya matatu, ndugu yake mkubwa wa sekondari anaweza kushika zamu.

Na Jumatatu usimuulize tena, "Mmesoma nini?" Mwambie, "Nani alisimulia leo, na alisema nini?" Ukipata jibu la sentensi tatu zilizopangika, mwanao alikuwa darasani. Ukikosa, una la kumuuliza mwalimu Jumanne asubuhi.