Kozi Inayoanzia Katikati

Kutoka maghorofa ya St. James Town hadi Chuo Kikuu cha Toronto unaweza kwenda kwa miguu. Binti wa humo, mwenye wazazi waliotoka Mombasa au Bukavu, anaweza kufika na alama nzuri za hisabati, kisha wiki ya kwanza ya sayansi ya kompyuta ikamvunja moyo. Mwalimu hajamaliza kueleza, vijana wa viti vya mbele wameshajibu. Binti anajiuliza wamezaliwa na akili gani.

Swali hilo Jane Margolis na Allan Fisher walilichunguza katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, miaka ya 1990. Walikuta kwamba kompyuta ya nyumbani mara nyingi ilikaa chumbani kwa mtoto wa kiume. Alianza kuichokonoa mapema, akafika chuoni na miaka ya mazoea. Wasichana waliyaona mazoea hayo wakayadhania kipaji, na baadhi yao waliacha masomo ilhali walikuwa wakifaulu. Chuo kikapunguza uzito wa uzoefu wa programu katika udahili, kikatenga njia za kuanzia kwa wageni na wazoefu. Wanawake walioingia sayansi ya kompyuta chuoni hapo walikuwa asilimia 7 mwaka 1995. Mwaka 2000 wakawa asilimia 42. Akili za wasichana hazikuongezeka mara sita katika miaka mitano!

Ajabu ni kwamba Toronto ilikuwa na mwanamke katika fani hii tangu mwanzo. Chuo Kikuu cha Toronto kilipopata kompyuta yake ya FERUT mwaka 1952, Beatrice Worsley alikuwa miongoni mwa wataalamu wake. Kuiandikia programu kulikuwa kazi ya kuumiza kichwa, hivyo yeye na mwenzake Patterson Hume wakatengeneza Transcode, mfumo uliomwezesha mtafiti asiye mtaalamu kuiagiza mashine ile kwa urahisi. Yaani mwanamke huyo alishughulikia shida ileile ya mgeni mlangoni.

Turudi nyumbani kwetu, maana chuo hakibebi lawama yote. Vyumba ni viwili, kompyuta ni moja, kaka anacheza gemu, dada anaitwa jikoni kukuna nazi. Katika sekondari za Ontario kozi za kompyuta ni za hiari, na asiyewahi kuigusa kwa utulivu ni nadra kuzichagua.

Basi wazazi, gaweni zamu za kompyuta kwa haki, jikoni vilevile. Isipotosha, kuna tawi la maktaba ya umma palepale St. James Town, barabara ya Sherbourne, na kompyuta zake ni za bure. Na binti akipata nafasi Chuo Kikuu cha Toronto, kuna kozi ya CSC108, iliyowekwa kwa ajili ya asiyewahi kuandika programu hata moja. Aichukue bila kumwonea haya mtu.