Juba: Mji wa nchi ya mafuta unaosubiri malori ya mafuta

Sudan Kusini inachimba mafuta, lakini dizeli inayowasha jenereta za Juba inafika kwa lori. Kwa mfanyabiashara au msafirishaji wa njia hii, jambo hilo ndilo linalogusa gharama ya mzigo, na pia kama mteja wake ataweza kulipa.

Mafuta ghafi kutoka Unity na Upper Nile husafirishwa kwa bomba hadi Port Sudan, kwenye Bahari ya Shamu, na kuuzwa ng'ambo. Nchi haina mtambo wa kusafisha mafuta unaotosheleza mahitaji yake, hivyo petroli na dizeli hununuliwa nje. Hushushwa Mombasa na kusukumwa kwa bomba hadi magharibi mwa Kenya. Kutoka Eldoret malori ya tangi huvuka Malaba, hupita Gulu na Elegu, huingia Nimule, kisha humaliza kilomita 192 za lami hadi Juba.

Mjini, dizeli hiyo ndiyo kila kitu. Hata kituo cha umeme cha megawati 33 kilichozinduliwa Novemba 2019 kilijengwa kutumia mafuta. Nchi nzima, waliounganishwa na umeme hawafiki mtu mmoja kati ya kumi, na nyumba nyingi hupikia mkaa na kuni. Hoteli, benki, zahanati na wauza barafu wana jenereta zao. Dizeli ikipanda, maji ya kunywa nayo hupanda.

Sasa tuangalie upande wa dola, ambao wengi husahau. Kwa miaka mingi takriban asilimia 90 ya mapato ya serikali imetokana na mafuta ghafi, na dola hizo ndizo zinazoagiza dizeli. Januari 2012 Juba ilisimamisha uchimbaji kwa sababu ya ugomvi na Khartoum juu ya ada ya kupitisha mafuta. Kazi ilianza tena Aprili 2013. Februari 2024 bomba la mafuta ya Upper Nile lilipasuka ndani ya Sudan, katikati ya vita. Pauni ikaporomoka. Aliyekopesha kwa pauni aliumia ingawa lori lake halikukwama popote. Ruhusa ya kusukuma mafuta tena ilitangazwa Januari 2025.

Mwaka huohuo wa 2024 njia ya kusini nayo iliziba. Tozo mpya zilifanya malori ya mafuta yakwame mpakani, na Umoja wa Mataifa ukasimamisha ndege zake za kudondosha chakula kwa kukosa mafuta. Mwezi Mei serikali iliuondolea Umoja huo tozo hizo. Makampuni yanayoubebea mizigo kwa faida hayakuingia katika msamaha, na hapo ndipo msafirishaji anapotakiwa kusoma mkataba wake kabla ya kupakia: tozo ikizuka lori likiwa njiani, nani analipa?