Ulimi Uliofungwa na Akili Iliyo Hai

Katika nyumba moja tunayoijua, mzee mwenye duka aliamka alfajiri akataka kumwita mkewe, na neno lililomtoka likawa "kesho". Akaulizwa anaumwa wapi, akajibu "kesho". Mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea na mdomo umekwenda upande. Majirani wakaingia na kutoka, huyu akisema ni jini, huyu akisema ni husuda ya wafanya biashara wenzake, na hospitali ikakumbukwa mwisho. Nayo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda katika mshipa wa ubongo haingoji, kwani hutolewa ndani ya muda usiozidi saa 4 na nusu tangu maradhi kuanza. Lakini lililowatatiza zaidi ni hili: ilipoingia Magharibi, mzee yule asiyeweza kuomba maji alisoma Alhamdu tangu mwanzo hata mwisho, wala hakukosea. Mwanawe mmoja akanong'ona kwamba baba anajifanya. Wa pili akasema akili imemruka, heri duka liuzwe.

Wote wawili walikosea. Maradhi haya huitwa afazia. Kiharusi kinapoziba au kupasua mshipa, hudhurika pale penye kazi ya lugha, napo kwa watu wengi ni upande wa kushoto wa ubongo. Upande huo ndio uendeshao mkono wa kulia, ndiyo maana ulimi na mkono huo huanguka pamoja mara nyingi.

Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, tabibu Paul Broca alimpima mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye neno lake lilikuwa moja tu, "tan". Alipoulizwa amekaa pale miaka mingapi, alifungua kiganja mara 4, kisha akaongeza kidole kimoja. Ni miaka 21, na ndivyo ilivyokuwa. Hesabu ile haikufanywa na mwenda wazimu! Wapo wengine aliowaeleza Carl Wernicke mwaka 1874, ambao hunena mbio mbio maneno yasiyo na maana, wala hawafahamu vyema waambiwayo. Hao ndio wanaodhaniwa wazimu upesi zaidi, na masikini hawana hata njia ya kujitetea.

Ama ile Alhamdu, tuliyoihifadhi tangu chuoni na kuikariri kila siku haitungwi upya kila isomwapo. Hutoka kama mnyororo, kiungo kikivuta kiungo. Ndivyo zitokavyo pia salamu, kuhesabu moja hata kumi, nyimbo, na hata matusi, ambayo huwafedhehesha watoto wa mzee aliyekuwa mtaratibu. Kuomba maji ni kazi nyingine: neno lichaguliwe, lipangwe, kisha litamkwe.

Mwenye lugha mbili tatu huenda ikamrudia moja kabla ya nyingine, na mara nyingi ni ile aliyoizoea zaidi. Basi asemeshwe kwa hiyo.

Vijana wanaoanguka na pikipiki bila kofia ngumu wana shida iliyo karibu na hii. Pengine maneno yao ni mazima, ila uzi wa mazungumzo hukatika: hurudia, hupotea njiani, husema lisilofaa mbele ya wageni. Mzazi hudhani ni utovu wa adabu, kumbe ni jeraha.

Mgonjwa wa namna hii si kiziwi, basi asipigiwe kelele. Wala si mtoto. Redio izimwe, aulizwe swali fupi la ndiyo au siyo, kisha angojwe. Kungoja ndiko kugumu kwetu. Wanachuoni wa sheria wamekubali tangu zamani kwamba ishara ya bubu ifahamikayo husimama mahali pa maneno yake. Na kwa aliyefungwa ulimi ukubwani, habari ya wasia na mali aulizwe kadhi, wasiamue wana peke yao.

Katika nyumba ile, binti yake ndiye aliyeketi mbele yake na kumwonyesha funguo. "Baba, duka liuzwe?" Mzee akasema, "Kesho," na huku akitikisa kichwa kukataa. Binti akageuza swali: "Lisiuzwe, Baba?" Akaitikia kwa kichwa, akanyoosha mkono wa kushoto, akazitwaa funguo na kuziweka chini ya mto.