Vitabu vya kusoma hata bonasi ikiwa ndogo

Oktoba, wakulima wa majanichai wakilipwa bonasi ya KTDA, shirika linalosimamia viwanda vya chai vya wakulima wadogo nchini Kenya, gumzo nje ya makanisa ya Kericho na Bomet huwa moja: kiwanda chenu kimelipa ngapi kwa kilo? Kikilipa vizuri, Mungu ni mwema. Kikilipa vibaya, lawama hupanda pamoja na maombi. Katika hali hiyo, kitabu kinachoahidi madeni kufutika hakikosi mnunuzi. Tatizo lake ni kwamba kinamhubiria msomaji habari za msomaji mwenyewe, na Mungu anabaki mpambe wa mipango yake.

Kwa Mkristo wa Kabianga, kaunti ya Kericho, anayetaka kumjua Mungu na kuishi kwa uaminifu, kigezo cha kuchagua kiwe hiki: je, kitabu kina la kumwambia mwaka ambao malipo hayatoshi hata karo? Vinne hivi vinalo.

Cha kwanza ni Knowing God cha J. I. Packer, kilichotoka 1973. Hoja yake inachoma: mtu anaweza kujaza kichwa elimu kuhusu Mungu na bado asimjue. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopata hati yake 2013, wamezoea kusomea mtihani, kwa hiyo onyo hilo linawahusu hasa. Kisomwe polepole, sura moja kwa wiki.

Cha pili ni Concepts of God in Africa (1970) cha John Mbiti, mwanateolojia wa Kitui aliyefariki 2019. Alikusanya majina na sifa za Mungu kutoka kwa karibu jamii 300 za Afrika, akishikilia kuwa wamishonari hawakumkuta Mwafrika akiwa hamjui Mungu. Kwa Mkipsigis aliyesikia wazee wakimtaja Asis, Mungu wa imani ya jadi, swali la uhusiano wa imani ya babu na ya kanisa si la darasani tu. Hata hivyo Mbiti asisomwe peke yake. Okot p'Bitek wa Uganda aliwashutumu wasomi wa mkondo huo kwa kuwavisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki. Ubishi huo unamnoa msomaji.

Cha tatu ni kijitabu cha Ndugu Lawrence, mtawa wa Paris aliyefariki 1691, kinachojulikana kwa Kiingereza kama The Practice of the Presence of God. Alikuwa askari kabla ya kupelekwa jikoni kwenye nyumba ya watawa, na kitabu chenyewe kilikusanywa baada ya kifo chake kutokana na mazungumzo na barua zake. Anasema saa ya masufuria haikumtenga na Mungu zaidi ya saa ya sala. Mchuma chai anayesimama shambani tangu alfajiri, kikapu mgongoni, atamwelewa kuliko maprofesa wengi.

Cha nne ni I Love Idi Amin (1977) cha Askofu Festo Kivengere wa Kigezi. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda alipouawa Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin, Kivengere na mkewe walivuka milima kwa miguu usiku hadi Rwanda. Jina la kitabu linakera, na ndilo kusudi lake: kusamehe kwa Kivengere hakukumzuia kuutaja ukatili kwa jina. Kericho, iliyoshuhudia nyumba zikichomwa na majirani wakifukuzwa baada ya uchaguzi wa 2007, ina sababu ya kukifungua.

Vyote viliandikwa au husomwa zaidi kwa Kiingereza, na bei huwatisha wengi. Kundi la watu watano linaweza kuchangia nakala moja, vijana wakawasimulia wazee sura kwa Kiswahili au Kikipsigis, na wazee wakauliza maswali ambayo kijana hakuyafikiria.

Mwenye pesa ya kimoja tu aanze na cha Kivengere, maana ni kifupi. Kisha akisome pamoja na jirani ambaye hajapeana naye salamu tangu kampeni zilizopita.