Mbio Zipi kwa Vijana Wetu?

Wapo wanaodhani kwamba mkimbiaji haitwi hodari mpaka amalize marathoni, yaani kilomita 42 na mita 195. Sisi hatuoni hivyo. Tarehe 2 Februari, 1974, mjini Christchurch, Ndugu Filbert Bayi, kijana wa miaka 20, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 akavunja rekodi ya dunia. Hata John Walker aliyekuwa nyuma yake aliipita rekodi ya zamani. Mbio hizo zadai kasi na pumzi kwa pamoja, na zataka uwanja tu, wala si barabara ya kufungiwa magari. Kwa visiwa vyetu hilo si jambo dogo.

Hatubezi masafa marefu. Juma Ikangaa alishinda New York mwaka 1989, na Alphonce Simbu akatwaa dhahabu ya dunia mjini Tokyo mwaka 2025. Lakini wote wawili walikwisha pita miaka 30. Kumtia mtoto wa skuli katika marathoni kwa tamaa ya zawadi ni kula mbegu kabla ya kupanda. Twawaomba wahusika, Unguja na Pemba, kila shindano la barabarani liwatengee watoto masafa yao, na viwanja vya skuli visikatwe viwanja vya nyumba.