Daftari la Mfuga Nyoka na Mamba

Askari wa zamu akaguaye shehena ya wanyama hai, iwe bandarini Bujumbura au mpakani, huenda siku moja akakuta karatasi iliyoandikwa hivi: chatu, 2.3.1. Asidhani kwamba hiyo ni bei, wala uzito, wala tarehe iliyokosa mwaka. Ni hesabu ya wanyama, na kila tarakimu ina mahali pake kama askari katika gwaride. Ya kwanza ni madume, ya pili ni majike, ya tatu ni wale ambao jinsi yao haijabainika. Basi chatu hao ni sita: madume mawili, majike matatu, na mmoja ambaye mwenyewe hajathubutu kumtolea hukumu. Nukta hizo hazina uhusiano na desimali za shuleni. Jike mmoja peke yake huandikwa 0.1, na dume mmoja 1.0. Bustani za wanyama na wafugaji wa nchi nyingi hutumia mtindo huu, kwa kuwa hauhitaji mkalimani.

Kuandika ni kazi ndogo; kujua ndiyo kazi. Jogoo hujitangaza kwa upanga wake, na beberu kwa harufu yake, lakini nyoka hasemi neno. Viungo vya uzazi vya nyoka dume, navyo ni viwili, vimefichwa ndani ya shina la mkia. Kwa hiyo mjuzi huchukua kijiti chembamba cha chuma kisicho na ncha kali, akakipaka kilainishi, kisha akakiingiza polepole katika tundu la haja kuelekea mkiani. Kwa dume huzama mbali. Kwa jike hukoma upesi. Mkono mzito humjeruhi mnyama. Kobe ana nafuu: dume aliyekomaa aghalabu ana mkia mrefu zaidi na gamba la tumboni lililobonyea. Mamba naye hupapaswa kwa kidole ndani ya tundu hilo, na sina haja ya kuwaambia askari kwamba kinywa hufungwa kwanza.

Kwa mamba kuna ajabu nyingine. Mwaka 1966, huko Dakar, mtaalamu Madeleine Charnier alieleza kwamba katika aina fulani ya mjusi, joto la mayai ndilo liamualo jinsi ya watoto. Baadaye jambo hilo lilithibitishwa kwa mamba pia. Mayai ya mamba wa Nile, ndiye huyu wetu wa Ruzizi na Tanganyika, yakikaa katika joto la nyuzi 32 hadi 34 hivi za Sentigredi hutoa madume kwa wingi. Joto likipungua, hutoka majike. Kwa kuwa vifaranga ni wagumu kutambuliwa, mfugaji mwaminifu mwenye vifaranga arobaini huandika 0.0.40, akangoja wakue.

Mahali kama Musée Vivant ya Bujumbura, iliyoanzishwa mwaka 1977 na kujulikana kwa mamba na nyoka wake, kubahatisha ni hasara. Madume mawili makubwa ya mamba katika bwawa moja huweza kuuana. Na jike huchukua miaka kumi hivi au zaidi kabla ya kutaga; aliyeandika 1.1 ilhali ana 2.0 atangoja mayai mpaka astaafu.

Kwa polisi, daftari hili ni shahidi. Burundi iliingia katika mkataba wa CITES mwaka 1988, na vibali vyake hutenganisha mnyama aliyezaliwa kizimbani na aliyekamatwa porini. Mfanyabiashara akidai kwamba kobe wake wadogo wamezaliwa kwake, aulizwe daftari la wazazi. Likionyesha 0.4, dai lake halijaanguka, maana jike huweza kuhifadhi mbegu za dume kwa muda mrefu. Likionyesha 3.0 mwaka hata mwaka, mayai yalitagwa na nani?

Hata Gustave, mamba mla watu aliyepewa jina hilo na Patrice Faye, angemtia karani wa daftari mashakani. Alikadiriwa kufikia mita 6, na mtego mkubwa wa chuma alioandaliwa, ulioonyeshwa katika filamu ya mwaka 2004, haukumnasa. Wote humwita dume kwa ukubwa wake, kwani ni nadra jike kupita mita 4. Dhana hiyo ina nguvu. Lakini hakuna aliyepata kumpapasa chini ya mkia, na kwa kanuni za daftari angeandikwa 0.0.1.