Maji ya choo: namna ya kupunguza bidoni bila kuleta ugonjwa nyumbani

Katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu na Uvira, choo kiko na shasi, lakini robine inaweza kukaa siku nzima bila kutoa hata tone. Hapo familia inarudia bidoni. Mama ao watoto wanaenda kushota maji, ao wanalipa mtu mwenye kuileta mpaka nyumbani. Wakaaji wa Goma wanaikumbuka vizuri hali hiyo: mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 uliharibu mabomba, na mitaa mingi ikabaki bila maji.

Maji hiyo ya jasho, sehemu kubwa inapotelea chooni. Bidoni ya kawaida inabeba lita 20. Shasi za zamani zinamwaga lita 9 mpaka 12 kila mara mtu anapovuta, ni kusema nusu ya bidoni. Chukua mfano wa familia ya watu 7, kila mtu anaingia chooni mara 3 kwa siku: ni mara 21. Kwa lita 10 kila mara, ni lita 210, zaidi ya bidoni 10. Wakitumia lita 3 kila mara, ni lita 63, bidoni 3 na kidogo. Bidoni 7 zinabaki.

Je, lita 3 zinatosha? Mara nyingi ndiyo, kwa sababu kinachosukuma uchafu ni nguvu ya maji kuliko wingi wake. Mtu akimwaga polepole, hata bidoni nzima inaweza kupita na uchafu ukabaki. Inafaa kuinua ndoo mpaka usawa wa kiuno na kumwaga yote kwa mara moja, sawasawa kwenye tundu. Kwa choo cha kuchuchumaa, lita 2 zinaweza kutosha. Kwa mkojo peke yake, maji kidogo tu. Lakini kwenye kona ya bomba lazima maji ibakie, kwa sababu ndiyo inazuia harufu ya fosi kupanda ndani ya nyumba.

Mahali robine inatoka vizuri, adui ni tangi yenye kuvuja. Ili kujua, tia juisi nyekundu kidogo ndani ya tangi na ungoje dakika 30 bila kuvuta. Rangi ikionekana chini, kwenye choo, mpira wa kuziba umechoka. Kuubadilisha si kazi kubwa kwa fundi wa maji. Tena, chupa ya plastiki ya lita moja, iliyojazwa maji na kufungwa vizuri, ikiwekwa ndani ya tangi, inaokoa lita moja kila mara. Isiguse kielea. Jiwe la volkano ao tofali havifai: vinamomonyoka, na mchanga wake unaharibu mpira.

Njia nyingine ni kutumia maji mara mbili. Maji ya kusuuza nguo, ya kuosha mboga ao ya kuoga inafaa kabisa kwa choo. Iwekwe kwenye ndoo yake yenye kifuniko, mbali na maji ya kunywa, na iishe siku hiyohiyo, kwa sababu ikilala inanuka. Maji ya ziwa iliyotiwa klori ni ya kunywa na ya jikoni. Haiko lazima kwa choo. Na karatasi za magazeti ao kotexi zisitupwe ndani ya choo: zikikiziba, bidoni zote zilizookolewa zitaishia kwenye kuzibua.

Iko mahali pamoja ambapo maji haipaswi kupunguzwa: mikono. Kolera haijatoka pembeni ya ziwa Kivu na ziwa Tanganyika, na inapita kwenye mikono iliyotoka chooni bila sabuni. Familia inayobana maji ya choo lakini inaacha kunawa haijaokoa kitu. Bora, kutoka zile bidoni 7, moja ikae karibu na mlango wa choo, pamoja na sabuni, ili mtoto pia ainawie bila kuomba.